Akijitutumua leo, keshokutwa hainuki

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwenyeji wa Lamu, nina mke na watoto watatu, na riziki yangu ni boti ya kuvusha abiria baina ya Mokowe na mjini. Nakuandikia kwa ajili ya mke wangu. Ana miaka 31. Yeyote anayemjua mtaani kwetu Mkomani atakwambia hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri akakanda unga, jua likichomoza mahamri na mbaazi zimeshauzwa zimekwisha, na alasiri akasomesha watoto Kurani nyumbani.

Mwaka jana alishikwa na homa kali. Viungo vilimuuma hata akawa hawezi kufunga kifungo cha nguo ya mtoto. Kipimo cha malaria kilisema hana. Akapewa dawa za maumivu, homa ikaisha baada ya wiki na kitu, tukasema alhamdulillahi. Lakini tangu hapo hajarudi kuwa yule. Sasa ni mwezi wa tisa.

Kinachonichanganya ni kuwa haumwi sawasawa kila siku. Kuna siku ataamka anacheka, atafua, atapanda na kushuka ngazi, utasema kapona. Majuzi ilikuwa harusi ya binamu yake. Akaenda, akakaa na wenzake mpaka usiku, akarudi salama. Siku ya pili akawa anajikokota. Siku ya tatu hakuinuka. Koo likawa linamwasha, tezi za shingoni zikavimba, mwili wote ukamuuma kana kwamba ile homa imerudi, na hakutaka mwanga wala sauti za watoto. Zaidi ya wiki ilipita ndipo akaweza kushuka chini. Na mambo haya yamekwisha kutokea mara nyingi, ila hii ilikuwa kubwa.

Usiku analala, tena sana, lakini anaamka akisema ni kama hakufumba jicho. Akisimama jikoni kichwa kinamzunguka na moyo unamwenda mbio. Aya alizohifadhi tangu utotoni zinampotea katikati ya darsa. Siku moja alilia mbele ya wanafunzi, na tangu siku hiyo darsa ameiacha.

Hospitali tumekwenda sana. Mara mbili ameambiwa ni taifodi akapewa dawa. Daktari mmoja alisema damu haina tatizo, huyu ana msongo wa mawazo na mwili umelegea kwa kukaa, basi atembee kila asubuhi na kila wiki aongeze mwendo. Tukawa tunatembea ukingoni mwa bahari kuelekea Shela. Wiki ya pili miguu ilimwishia njiani, nikamrudisha juu ya punda. Mama yangu anasema ni uvivu na mimi ndiye ninayemdekeza. Dada yangu anasema ni jini, amempeleka kwa mtu akanyweshwa kombe. Mimi nimesoma kwenye simu habari za ugonjwa wa uchovu sugu, nikaona kama wanamsema yeye.

Je, Mama, ugonjwa huu upo kweli? Unapimwaje, na una dawa? Niendelee kumtembeza? Na mama yangu anataka nimrudishe kwao kwa muda "apate akili". Sijui nimsikilize nani.

Baba wa Watatu, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile la kutembea kwa sababu haliwezi kungoja: acha kumtembeza. Usipunguze, acha kabisa, mpaka mjue mnashughulika na nini.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na kila nikifika kwenye harusi nasimama. Alikwenda vizuri, akarudi vizuri, siku ya pili akajikokota, siku ya tatu hakuinuka. Katika miaka yangu ya uuguzi nimewasikiliza wachovu wa kila namna: wa kazi, wa uzazi, wa upungufu wa damu, wa huzuni. Wengi wao huchoka palepale wanapofanya kazi, na wakilala hupata nafuu. Mwili unaotozwa kazi ya leo keshokutwa, tena kwa koo kuwasha na tezi kuvimba, una jambo lake, na jambo hilo linajulikana.

Ndiyo, ugonjwa upo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake, upande wa magonjwa ya mfumo wa neva, mwaka 1969. Madaktari huuandika kwa herufi ME/CFS, kifupi cha majina yake mawili ya Kiingereza, nawe ziandike hivyohivyo kwenye karatasi utakayompelekea daktari. Wengi wao chuoni hawakufundishwa habari zake, watahitaji pa kuanzia.

Hakuna kipimo cha damu kinachoutaja. Unatambuliwa kwa mgonjwa kusikilizwa vizuri, kisha kwa kuyaondoa magonjwa mengine yanayofanana nao. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka vigezo ambavyo madaktari wengi wanavifuata. Kwanza, mtu aliyekuwa akijiweza awe ameshuka sana katika kazi zake kwa zaidi ya miezi sita, kwa uchovu ambao hakuzaliwa nao, haukuletwa na kazi nyingi, na kulala hakuuondoi. Pili, kazi ya mwili au ya akili imwangushe baadaye, saa kadhaa au siku moja mbili kupita, na aanguke kuliko kazi yenyewe ilivyostahili. Tatu, usingizi usimburudishe. Juu ya hayo matatu, awe na angalau moja kati ya haya mawili: akili kuwa na ukungu, au hali kuharibika anaposimama. Mkeo, kwa maelezo yako, anayo yote mawili. Aya zinazompotea ni lile la kwanza, kizunguzungu cha jikoni ni la pili. Huko Uingereza siku hizi hawangoji hata miezi sita, daktari anaruhusiwa kuuthibitisha baada ya miezi mitatu.

Lakini mimi sijamwona wala kumgusa. Ninayoyasema ni ya kukupa mwelekeo na maneno ya kumwambia daktari, na daktari huyo ni lazima mwende kwake.

Kuhusu ile homa. Wewe ni mtu wa Lamu, nadhani unaukumbuka mwaka 2004, au wakubwa wako wanaukumbuka: chikungunya, ile homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilivyopita nyumba kwa nyumba, watu wakatembea wameinama. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya watu wa kisiwa waliambukizwa. Ugonjwa ule haukuhama pwani yetu, umerudi Mombasa miaka ya karibuni, na dengi nayo ipo. Homa kali, malaria hakuna, vidole vinauma hata kifungo hakifungiki: siwezi kuapa kuwa ndiyo iliyompata, ila inafanana sana. Usitumie fedha nyingi kuitafuta sasa. Kingamwili za chikungunya hukaa mwilini miaka mingi, na mtu aliyekuwa mtoto Lamu mwaka 2004 huenda akaonekana nazo hata kama homa ya mwaka jana ilikuwa nyingine.

La maana ni kuwa uchovu sugu mara nyingi huanza hivyo, baada ya maambukizi. Katika mji wa Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu waliopatwa na moja ya maradhi matatu tofauti, likiwemo la virusi vya Ross River, ambavyo ni jamaa wa karibu wa chikungunya na huenezwa na mbu vilevile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miezi sita, karibu asilimia 11 walikuwa wametimiza vigezo vya ugonjwa huu, na idadi ilikaribiana bila kujali maradhi waliyoanza nayo. Walipotazama nani alibaki mgonjwa, waliona ni wale walioumwa vikali zaidi mwanzoni. Tabia ya mtu na hali ya moyo wake kabla ya kuugua havikuwa na uzito. Hili naomba umsomee mama yako taratibu, kwa heshima, siku ambayo hamjagombana. Na kama ana jirani aliyepata korona akabaki miezi hana nguvu, mkumbushe huyo pia, maana wengi waliobaki na taabu baada ya korona wana dalili hizihizi.

Sasa vipimo. Mliambiwa damu haina tatizo. Ulizeni ni damu ipi iliyopimwa. Mara nyingi kinachopimwa ni malaria na taifodi tu. Na kile kipimo cha Widali kinachotumika sana kwa taifodi si cha kutegemea katika nchi kama yetu, ambako watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu hivyo au wamechanjwa. Kinaweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na taifodi siku hiyo. Akiambiwa tena, ulizeni kama damu inaweza kuoteshwa maabara kabla ya kumeza antibayotiki kwa mara ya tatu.

Mwombeni daktari, hapo hospitali ya King Fahd au mtakapokwenda, apime wingi wa damu pamoja na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Mama aliyezaa mara tatu, hasa kama hedhi yake ni nzito, anaweza kuwa na wingi wa damu wa kuridhisha na akiba imekwisha. Apimwe homoni za tezi ya shingo, ile ya thairoidi na si zile zinazomvimba, kwa sababu tezi hiyo ikilegea mtu huwa mchovu, mzito, msahaulifu, na dawa yake ni kidonge cha kila siku chenye bei nafuu. Sukari, figo, ini, virusi vya Ukimwi na mimba visiachwe kwa kuona haya. Kama anakunywa maziwa mabichi yanayovushwa kutoka bara, ya ngamia au ya mbuzi, aseme, apimwe bruselosi. Akiwa na kikohozi, jasho la usiku au anapungua uzito, ni kifua kikuu kinachotafutwa kwanza. Vidole vikivimba na kukakamaa asubuhi, apimwe baridi yabisi. Vitamini D nayo, ikiwa fedha inaruhusu. Watu hucheka nikilitaja hili mahali penye jua kama letu, lakini mwanamke anayetoka amejifunika na kuushinda mchana ndani ya nyumba ya mawe jua halimfikii. Na wewe unayelala karibu naye utazame kama anakoroma na pumzi kukatika. Chochote kitakachopatikana katika haya kina tiba yake, na huenda kikawa ndicho chote, au kikawa sehemu tu na uchovu ukabaki.

Kuna kipimo kimoja hakihitaji maabara, na naona ni dhuluma kwa wagonjwa kwamba hakifanywi mara nyingi. Alale chali kama dakika kumi, apimwe presha na mapigo ya moyo. Kisha asimame ameegemea ukuta bila kuzungumza wala kutikisa miguu, apimwe kila dakika mpaka ya kumi. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na yakabaki juu, au presha ikiporomoka, mmepata maelezo ya kizunguzungu cha jikoni, na hilo lina namna ya kupunguzwa. Muuguzi wa zahanati yoyote anaweza kukifanya kwa mashine ya kawaida ya presha. Mtu asimame karibu yake, na akihisi kuzimia alazwe mara moja.

Daktari aliyesema msongo wa mawazo simlaumu kwa kuliuliza. Huzuni iliyozidi huchosha kweli na hupoteza usingizi. Lakini tofauti ipo na mtu huiona akikaa na mgonjwa. Mwenye huzuni hamu imemtoka, mlete mahamri, mlete harusi, yote kwake sawa. Na kwa kawaida akitembea kidogo hujisikia vizuri zaidi. Mkeo hamu anayo, tena nyingi, ndiyo maana siku ya nafuu anaivamia nguo na ngazi na harusi. Mwili ndio unaokataa. Hata hivyo, ugonjwa wa miezi tisa usioaminiwa na watu wa nyumbani unaweza kuleta huzuni juu yake. Akianza kusema afadhali afe, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ushauri wa kuongeza mwendo kila wiki nao daktari hakuutunga. Ulifundishwa kwa miaka mingi, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulidai kuwa unasaidia. Wagonjwa walipiga kelele kwamba unawaumiza. Wachambuzi wengine walipozirudia hesabu za utafiti ule, madai ya watu kupona yakadhoofika sana. Oktoba 2021, NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu huko Uingereza, iliuondoa. Sasa mwongozo unasema wazi wagonjwa hawa wasipewe mazoezi ya kupandishwa kwa ratiba. Kwa hiyo mkirudi kwa daktari huyo, mweleze kwa adabu lililotokea njia ya Shela na mtajie mwongozo wa 2021. Daktari mzuri atashukuru.

Umeuliza dawa. Ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana, na yeyote anayekuuzia, awe na koti jeupe au kilemba, anakula jasho lako. Sindano za kuongeza nguvu, chupa za vitamini za maelfu ya shilingi, vidonge vya steroidi vya kumchangamsha: vyote hivyo viache. Kilichopo ni kuzitibu dalili moja moja, na kuutunza mwili usianguke. Hilo la pili ndilo kubwa, na haliko hospitali. Liko kwenu nyumbani.

Nguvu za mkeo sasa ni kama birika linalojazwa kwa matone. Zamani lilijaa usiku kucha, akachota atakavyo. Sasa asubuhi lina robo, na akilikwangua mpaka chini, kesho halipati hata hiyo robo. Kazi yenu ni kuchota kidogo na kuacha kingine ndani. Siku ya nafuu ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa ndiyo anayojisahau. Siku hiyo afanye nusu ya anachodhani anakiweza, akae, angali anajisikia vizuri. Najua ni vigumu kwa mwanamke aliyezoea kumaliza kazi.

Anzeni na daftari. Kwa majuma mawili au matatu aandike, au mtoto mkubwa amwandikie, alichofanya na alivyoamka siku ya kwanza, ya pili na ya tatu baada yake. Mtaona kiwango chake kilipo. Wengine hugundua kuwa kusoma na kusimamia hesabu huwaangusha kama kufua, maana kichwa nacho hutumia nguvu. Darsa ya Kurani kwa watoto kumi wenye sauti ni kazi nzito kuliko unavyofikiri.

Kisha itazameni nyumba. Ninyi watu wa Mkomani mnaishi juu, na ngazi za nyumba za mawe ni kali. Mteremshieni kitanda chini, au mpangeni akishuka mara moja kwa siku, na kila anachohitaji kiwe pale alipo, maji ya kunywa, vyombo, na choo kiwe karibu. Jikoni akae. Nazi anaikuna ameketi juu ya mbuzi, basi na vitunguu avikate ameketi, na chungu kikorogwe na mtu mwingine. Kuoga pia akae kwenye kigoda, maji yasiwe moto sana, na siku ya kuoga isiwe siku ya kufua. Kufua kwenyewe kumtoke mikononi. Watoto wako hukusema umri wao, lakini mtoto wa miaka minane anaweza kuanika nguo na kufagia ua, na wewe ukitoka botini unaweza kubeba mtungi. Hakuna mwanamume aliyepunguka kwa hilo.

Biashara ya mahamri, kama mnaihitaji, tafuteni binti wa kukanda na kuchoma, mkeo ahesabu fedha ameketi, si zaidi ya muda daftari litakaoruhusu. Alfajiri aachiwe alale.

Mapumziko ni kulala kimya, mwanga mdogo, simu iko mbali. Vipindi vifupi, mara kadhaa kwa siku, kabla hajachoka. Kulala na simu mkononi akijibu jumbe za kina mama si kupumzika.

Kwa kizunguzungu: kama presha yake haiko juu na figo ni nzima, daktari anaweza kumruhusu kuongeza chumvi na maji, hata zile pakiti za chumvi na sukari za kuhara. Soksi za kubana miguu husaidia baadhi ya watu. Kwa maumivu na usingizi, madaktari wengine hutoa amitriptilini kwa kiasi kidogo sana, lakini dawa hiyo huweza kuongeza mapigo ya moyo, ndiyo maana nataka kile kipimo cha kusimama kifanywe kwanza. Wagonjwa hawa dawa huwapanda haraka. Kila kitu kianzwe kwa kiasi cha chini.

La chumbani sitalirefusha. Tendo la ndoa nalo ni kazi kwa mwili huo. Mwache yeye aseme lini, na asihisi kuwa akisema hapana atapoteza mume.

Dada yako na kombe lake: sina ugomvi na aya za Mwenyezi Mungu, na dua humtuliza mgonjwa. Ugomvi wangu ni mkesha wa ngoma, moshi wa ubani mpaka kifua kinabana, safari za kwa mganga huyu na yule. Hayo yanamwangusha kama harusi ilivyomwangusha. Anayetaka kumwombea amwombee akiwa kitandani. Na Ramadhani ikifika, msimlazimishe, wala yeye asijilazimishe. Kurani yenyewe, sura ya Baqara, imemtaja mgonjwa katika waliopewa ruhusa. Mwende kwa sheikh mnayemwamini mumweleze kuwa ugonjwa huu haujulikani utakwisha lini, awaambie kama ni kulipa au ni fidia.

Nimeacha la mama yako mpaka hapa kwa sababu lataka utulivu. Mama huyu hana nia mbaya, naamini. Amemwona mkwewe akicheka harusini na siku mbili baadaye akikataa kushuka, na jicho la mtu yeyote lingesema anachagua kazi. Mwonyeshe lile daftari. Mwoneshe kwamba kila anguko lina siku yake ya shughuli nyuma yake, hata zile shughuli ambazo mkeo hakuzipenda, kama kufua na kwenda hospitali. Mtu mzima akiona mwenyewe huamini kuliko akihubiriwa. Na mpe kazi ya heshima: awe ndiye anayewajibu wageni mlangoni, "amelala, mwiteni kesho". Neno la mama mkwe mtaani lina nguvu kuliko langu.

Kumrudisha kwao "apate akili", hapana. Akienda kwa kuadhibiwa atajilazimisha kufanya kazi kule ili athibitishe si mvivu, na atarudi mbaya zaidi. Lakini muulize mwenyewe. Ikiwa kwao kuna chumba cha chini, kimya, na mama wa kumpikia, na yeye anataka, mpeleke kwa mkono wako, uwe unakwenda kumwona, na watu wote wajue amekwenda kupumzika.

Harusi na matanga hayatakwisha Lamu, na mwanamke asiyeonekana husahaulika, nalo ni donda jingine. Aende nusu saa, kwenye kiti, mchana badala ya usiku, na siku mbili kabla na mbili baada ziwe tupu. Pengine sahani ya chakula na salamu kupitia kwako zitatosha. Wenzake nao waje kwake mmoja mmoja, wasije kundi.

Umeuliza mengi lakini hukuuliza kama atapona, nadhani uliogopa. Nitakwambia ninavyojua. Watu wazima wanaopona kabisa ni wachache. Wengine hupata nafuu ya kiasi, wakajenga maisha madogo kuliko ya zamani lakini ya kweli, na wapo wanaopanda na kushuka kwa miaka. Karibu mmoja kati ya wanne hufikia, wakati fulani, hali ya kutotoka nyumbani au kitandani. Watoto na vijana hupona zaidi ya watu wazima. Mkeo ana miezi tisa tu, bado anatembea, bado anacheka, na kuacha kumsukuma sasa ndiko kunakompa nafasi nzuri zaidi. Sitakuahidi zaidi ya hapo.

Mkiambiwa mwende Mombasa kwa mtaalamu, ipangeni safari kama ugonjwa wenyewe ulivyo. Siku mbili kabla asifanye chochote. Boti unayo, mvushe mwenyewe wakati bahari imetulia. Kwenye basi akate kiti ambacho kitalala, awe na maji, miwani ya jua na kitu cha kuziba masikio. Fikeni kwa jamaa, alale usiku mzima, daktari awe siku ya pili yake. Mbele ya daktari mwache aseme yeye kwanza, wewe uongeze lile la siku ya tatu, kwa sababu huko hospitali atakuwa amejikaza na ataonekana mzima. Mpe daktari daftari na ile karatasi ya ME/CFS. Mkirudi nyumbani, siku tatu za mwanzo asipokee mgeni yeyote, na chakula kipikwe kwa mama yako.